Sola kwenye paa lako jimboni New York: pesa zilizopo, nani anazipata, na namna ya kuzidai

Anabisha hodi saa kumi na moja jioni, ameshika tableti, fulana yake imechorwa jua. Anasema jimbo la New York linawafungia watu sola bure, nyumba tatu za mtaa wako zimeshajiandikisha, imebaki yako. Anaomba kuiona bili yako ya umeme, kisha anaomba kidole chako kwenye kioo cha tableti. Kama unaishi Buffalo, Rochester, Syracuse, Utica au Albany, miji ambayo familia nyingi za Wakongo, Warundi na Wanyarwanda zimenunua nyumba zao za kwanza, huenda mgeni huyu ameshafika kwako.

Sola ya bure haipo. Pesa za kupunguza bei zipo, tena ziko kwenye sheria ya jimbo. Ila kila fungu lina mlango wake. Moja linamfaa mwenye kodi ya kutosha, jingine mwenye kipato kidogo, jingine mkazi wa Jiji la New York peke yake. Nimekuwa nikiwasaidia jamaa zetu kujaza fomu za kodi huku magharibi mwa jimbo, na kinachoniumiza ni kumwona mtu paneli ziko juu ya paa, mkataba wa miaka 25 umeshatiwa sahihi, ndipo anauliza, "Ile pesa ya serikali inakuja lini?" Swali hilo lina jibu, lakini jibu lake linatakiwa kabla ya sahihi. Mwongozo huu umepangwa hivyo.

Neno "kodi" kwetu lina maana mbili, kwa hiyo tukubaliane mapema: humu kodi ni ile inayokwenda serikalini, na pesa ya nyumba ya kupanga nitaiita pango. Na nikisema yuniti nina maana ya kilowati-saa moja, ile inayohesabiwa kwenye bili yako.

Kwanza, ondoa ile asilimia 30 kichwani

Kwa miaka mingi serikali kuu ya Marekani ilimrudishia mwenye nyumba asilimia 30 ya gharama ya sola kupitia kodi yake ya mapato. Sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025 iliufunga mlango huo. Mtambo uliokamilika kufungwa baada ya tarehe 31 Desemba 2025 haupati kitu kutoka huko, hata kama ulilipa malipo ya awali mapema. Kinachohesabiwa ni siku kazi ilipokamilika.

Anayekuletea karatasi yenye mstari wa asilimia 30 kwa mtambo mpya, ukiwa unaununua wewe, amebeba karatasi ya zamani au anakudanganya. Kwa mtambo wa dola 24,500 mstari huo ni dola 7,350. Ukiingia kwenye mkopo ukizitegemea, utabaki na pengo ambalo hakuna wa kukuzibia.

Waliomaliza kufunga kabla ya tarehe ile bado wana haki yao. Wanaidai kwa fomu 5695 kwenye kodi ya mwaka kazi ilipokamilika, na kinachobaki wanakisogeza mwaka unaofuata. Kama hukuidai, rudi kwa aliyekujazia fomu aisahihishe.

Upande wa kukodisha ni tofauti. Paneli zikiwa mali ya kampuni na wewe ukilipia umeme tu, kampuni inaweza bado kudai nafuu ya kibiashara kwa mitambo itakayoanza kazi kabla ya mwaka 2027 kwisha. Ndiyo maana wauzaji wengi sasa wanasukuma kukodisha. Si kosa lao kufanya hivyo, lakini wewe una haki ya kuuliza: katika nafuu mnayopata, mimi nimepunguziwa kiasi gani?

Hatua ya 1: Jua jimbo linakudai kodi kiasi gani kwa mwaka

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima, na ndipo wauzaji wanapopita haraka.

Jimbo la New York linampa mwenye nyumba nafuu ya kodi ya asilimia 25 ya gharama ya sola, isiyozidi dola 5,000. Kikomo hicho kinafikiwa bei ikigonga dola 20,000. Ukinunua wa 20,000 au wa 35,000, nafuu ni ileile 5,000. Masharti ni kwamba nyumba iwe ndani ya jimbo na iwe ndiyo makazi yako makuu. Nyumba uliyonunua ukaipangisha kwa watu wengine, wewe ukiwa unaishi kwingine, haihusiki.

Sasa sikiliza vizuri. Hii siyo hundi. Ni pesa inayofuta kodi unayodaiwa. Kama hudaiwi kitu, hakuna cha kufuta, na jimbo halikulipi salio. Kinachobaki unaruhusiwa kukisogeza mbele kwa miaka mitano, kisha kinakufa.

Tufanye hesabu. Familia ya kwanza inadaiwa na jimbo kodi ya dola 1,900 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza nafuu inafuta 1,900, wa pili 1,900, wa tatu 1,200 zilizobaki. Wamepata zote 5,000 kwa miaka mitatu. Familia ya pili ina watoto wengi na mshahara mdogo, inadaiwa dola 700. Mwaka wa kwanza pamoja na mitano ya kusogeza ni miaka sita, na mara sita ya 700 ni 4,200. Dola 800 zimepotea, na hizo nyingine zimekuja kwa kudondoka dondoka wakati mkopo unadai kila mwezi. Familia ya tatu haidaiwi kodi kabisa. Nafuu yao ni sifuri, na hakuna muuzaji aliyewaambia.

Watu huchanganya kodi na marejesho. Mtu ananiambia, "Mimi kila mwaka serikali ndiyo inanirudishia, basi sidaiwi." Hapana. Marejesho ni ziada ya makato yaliyokatwa kwenye mshahara wako mwaka mzima. Unaweza kuwa unadaiwa 1,900, mwajiri akakata 2,400, ukarudishiwa 500. Kodi yako bado ni 1,900, na nafuu ya sola inaweza kuifuta yote, ukarudishiwa 2,400. Kwa hiyo chukua nakala ya fomu yako ya kodi ya mapato ya jimbo ya mwaka jana, IT-201, umwombe aliyekujazia akuonyeshe kodi ya jimbo baada ya nafuu nyingine na kabla ya makato. Namba hiyo iandike pembeni kwa kalamu. Zidisha kwa sita. Hicho ndicho cha juu kabisa unachoweza kutarajia, na kisizidi 5,000.

Hatua ya 2: Angalia nyumba yenyewe

Paa kwanza. Nyumba nyingi za miji hii zimejengwa zaidi ya miaka 80 iliyopita, na vigae vya lami vikishachoka, kuweka paneli juu yake ni kujitafutia gharama mara mbili. Kuzishusha paneli ili paa litengenezwe, kisha kuzirudisha, hula maelfu ya dola. Kama paa lina zaidi ya miaka kumi na tano, tengeneza paa kabla. Na usikubali bei ya paa ichanganywe na ya sola kwa maneno kwamba "yote yataingia kwenye nafuu". Nafuu ni ya mtambo wa umeme wa jua.

Halafu mita. Buffalo imejaa nyumba za familia mbili, moja chini na moja juu, kila moja na mita yake. Sola ya kawaida huunganishwa na mita moja. Ikiunganishwa na mita ya mpangaji wa juu kwa makosa ya fundi, utalipa mkopo huku bili inayoshuka ni ya mwenzako. Shuka chini kwenye chumba cha mita pamoja na fundi, mtajiane namba ya mita, na namba hiyo iandikwe kwenye mkataba.

Watu huniuliza kama jua la huku lenye mawingu na theluji linatosha. Linatosha, bila miujiza. Ukubwa wa mtambo hupimwa kwa kilowati, na kilowati moja ni wati 1,000. Kilowati moja ya paneli katika sehemu za jimbo zilizo mbali na Jiji la New York hutoa takriban yuniti 1,100 hadi 1,200 kwa mwaka. Mtambo wa kilowati 7 basi utatoa kama 8,000. Januari utaona karibu hakuna kitu, Juni utaona nyingi kuliko unazotumia. Kinachosawazisha ni utaratibu wa mita ya kwenda na kurudi: yuniti za ziada zinaingia kwenye mtandao wa kampuni ya umeme, unawekewa akiba, na miezi ya giza unaila akiba hiyo, yuniti kwa yuniti. Kwa mitambo ya nyumbani utaratibu huu unakaa miaka 20 tangu kuunganishwa. Tangu 2022 wateja wapya wanatozwa pia ada ndogo ya kila mwezi inayopimwa kwa ukubwa wa mtambo, kwa nyumba ya kawaida ni dola chache, na ile ada ya msingi ya kuwa mteja inabaki palepale. Anayesema bili yako itakuwa sifuri hajawahi kuiona bili ya mwenye sola.

Beba bili za miezi 12 utakapoenda kuomba makadirio. Bili ya mwezi mmoja haitoshi, hasa ya Januari kwa mwenye kupasha nyumba joto kwa umeme.

Hatua ya 3: Tafuta makandarasi watatu, siyo mmoja

Jimbo lina shirika lake la nishati, NYSERDA, lenye mpango unaoitwa NY-Sun. Kwenye tovuti yake kuna orodha ya makandarasi waliokubaliwa, unachagua kwa wilaya yako. Waite watatu. Pesa ya NY-Sun, pale ilipo, hailipwi kwako. Inalipwa kwa mkandarasi, naye lazima aipunguze kwenye bei yako na mstari wake uonekane. Mpango umegawanywa kwa maeneo na mafungu, fungu likijaa kiwango hushuka au kufungwa, ndiyo maana jibu alilopewa binamu yako mwaka juzi huenda si lako.

Kwa familia zetu, uliza hasa habari ya nyongeza ya wenye kipato cha chini. NY-Sun ina fungu kubwa zaidi kwa nyumba ambazo kipato chake hakizidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo, yaani kile ambacho nusu ya familia za eneo ziko juu yake na nusu chini yake. Familia ya watu saba yenye mshahara mmoja wa kiwandani mara nyingi inaingia humo bila kujua, kwa sababu kiwango hupanda kadiri watu wa nyumba wanavyoongezeka. Fungu hili ndilo linalomfaa yule ambaye nafuu ya kodi haimfai, maana halingoji udaiwe kodi. Mkandarasi asiyejua habari zake au anayesema "hiyo ni kazi nyingi" mshukuru, umfungulie mlango.

Unapolinganisha bei, igawe kwa wati. Mtambo wa kilowati 7 kwa dola 24,500 ni dola 3.50 kwa wati. Dai bei ya taslimu iandikwe, hata kama utakopa.

Sasa tuone inalipa au hailipi. Mtambo huo Buffalo, ukitoa yuniti 8,050 kwa mwaka na kila yuniti ikikugharimu senti 18, unakuokolea kama dola 1,449 kwa mwaka. Toa nafuu ya jimbo 5,000, gharama yako ni 19,500. Pesa inarudi baada ya miaka kumi na tatu na nusu hivi. Paneli huwa na dhamana ya miaka 25, basi hesabu inakubali, lakini ni safari ndefu, na kama unafikiria kuhamia Ohio au Texas kuwafuata ndugu baada ya miaka mitano, afadhali usianze.

Jijini New York hesabu ni nyingine kabisa. Umeme wa Con Edison, kampuni ya umeme ya huko, ni ghali, tuseme senti 30 kwa yuniti, na jiji lina nafuu yake kwenye kodi ya mali: asilimia 7.5 ya gharama kila mwaka kwa miaka minne, jumla asilimia 30, kwa mitambo iliyoanza kazi tangu mwanzo wa 2024. Kwa mwaka mmoja haiwezi kuzidi kodi ya mali unayodaiwa mwaka huo, wala dola 62,500. Chukua mtambo uleule hata kwa bei ya juu zaidi ya dola 4.20 kwa wati, yaani 29,400. Toa 8,820 za jiji na 5,000 za jimbo, zinabaki 15,580. Ukiokoa 2,415 kwa mwaka, miaka sita na nusu umerudisha. Mwenye nyumba Bronx au Queens asilinganishe na ndugu yake wa Utica.

Hatua ya 4: Amua utalipaje

Taslimu ndiyo rahisi kuliko zote, na wachache wanayo.

Mkopo wa kampuni ya sola unahitaji macho. Riba yake hutangazwa ndogo mno, halafu bei ya mtambo inapandishwa kimyakimya kufidia. CFPB, ofisi ya serikali kuu ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, ilieleza Agosti 2024 kwamba ada hizi zilizofichwa mara nyingi hupandisha gharama kwa asilimia 30 au zaidi juu ya bei ya taslimu. Ndiyo maana nimesema udai bei ya taslimu. Ukiona taslimu ni 24,500 na mkopo ni 32,000 kabla hata ya riba, umeipata ada yenyewe. Na nafuu ya jimbo haihesabu riba wala gharama za mkopo.

Ulizia mikopo ya NYSERDA. Wana ya aina mbili, ya kulipa kila mwezi moja kwa moja na ya kulipa ndani ya bili ya umeme, na wenye kipato kidogo huweza kupata riba nafuu zaidi. Waislamu wanaojiepusha na riba, na tuko wengi, njia zenu ni taslimu, kukodisha au sola ya pamoja nitakayoieleza mwishoni.

Kukodisha hakuhitaji mtaji, na huenda ndiko kunakomfaa asiyedaiwa kodi. Nafuu ya jimbo inamgusa hata mwenye kukodisha, mradi mkataba uwe wa miaka 10 au zaidi. Inahesabiwa kwa unacholipa kila mwaka, na kikomo cha jumla ni kilekile 5,000. Lakini tafuta mstari wa ongezeko la mwaka. Asilimia 2.9 inaonekana kama kitu kidogo. Anza na dola 100 kwa mwezi, na mwaka wa 25 unalipa karibu dola 199. Kama bei ya umeme haikupanda kwa mwendo huo, utakuwa unalipia jua ghali kuliko waya. Uliza pia nyumba ikiuzwa inakuwaje, maana mnunuzi lazima akubali kuurithi mkataba, na benki yake iukubali.

Hatua ya 5: Mkataba, na lugha yake

Usitie sahihi kwenye tableti siku ya kwanza. Omba mkataba wote utumwe kwa barua pepe, uchapishe, uusome na mtu mzima anayejua Kiingereza cha karatasi. Nasema mtu mzima kwa makusudi. Mtoto wa darasa la nane anaongea Kiingereza kama maji, lakini kumtwika kutafsiri deni la miaka 25 si haki kwake, na akikosea atabeba lawama isiyo yake.

Sheria ya serikali kuu inamlinda anayeuziwa kitu nyumbani kwake. Una siku tatu za kazi kuvunja mkataba bila kutoa sababu, hadi saa sita usiku wa siku ya tatu. Jumamosi inahesabiwa kuwa siku ya kazi. Jumapili na sikukuu za taifa hazihesabiwi. Muuzaji lazima akupe karatasi ya kuvunjia mkataba, nakala mbili. Na hili wengi hawalijui: mkataba na taarifa hiyo vinatakiwa viwe katika lugha ileile iliyotumika zaidi kukushawishi. Kampuni ikimtuma kijana wetu akupambe kwa Kiswahili kuanzia hodi hadi kwaheri, basi karatasi za Kiswahili ni haki yako. Zidai. Ukiamua kuvunja, tuma kwa posta iliyosajiliwa, na utunze risiti.

Kabla ya sahihi, hakikisha mkataba unataja bei kamili, ukubwa wa mtambo kwa kilowati, aina ya paneli na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika nyumbani), namba ya mita, makadirio ya yuniti kwa mwaka, pesa ya NY-Sun kama ipo, na nani anabeba paa likivuja. Ahadi ya mdomo kwamba "tutakurudishia ukikosa nafuu ya kodi" iandikwe humo, au ichukulie haikusemwa.

Hatua ya 6: Kazi na kuunganishwa

Hapa wewe ni mtazamaji zaidi. Mkandarasi anaomba kibali cha ujenzi kwa mji na ruhusa ya kampuni ya umeme: National Grid kwa Buffalo, Syracuse, Utica na Albany, RG&E kwa Rochester. Kufunga kwenyewe ni siku moja au mbili. Kungoja ukaguzi na ruhusa ya kuwasha kunaweza kula wiki au miezi. Usiwashe kabla ya barua ya ruhusa, na usimalize kulipa kabla ya kuishika mkononi.

Hatua ya 7: Dai pesa zako

Nafuu ya jimbo unaidai kwa fomu IT-255, ukiiambatanisha na IT-201 ya mwaka mtambo ulipoanza kazi. Peleka mkataba, risiti na barua ya ruhusa kwa anayekujazia. Ruzuku yoyote uliyopata, ikiwamo ya NY-Sun, hutolewa kwanza kwenye gharama kabla ya kupiga asilimia 25. Ukiwa na salio la kusogeza, kila mwaka fomu ijazwe tena. Nimeona watu wakihama kutoka kwa mjazaji mmoja hadi mwingine, salio likasahauliwa, miaka mitano ikapita. Weka nakala zote kwenye faili moja, na juu yake uandike kiasi kilichobaki.

Kodi ya mali ina habari yake. Sola hupandisha thamani ya nyumba, na thamani ikipanda kodi ya mali hupanda. Sheria ya jimbo, kifungu cha 487, inasamehe ongezeko hilo kwa miaka 15. Haiji yenyewe. Unajaza fomu RP-487 na kuipeleka kwa mthamini wa mali wa mji wako kabla ya tarehe yao ya mwisho, ambayo katika miji midogo mingi ni 1 Machi. Sheria imeruhusu halmashauri na wilaya za shule kujitoa kwenye msamaha huu, na baadhi zimejitoa. Nenda ukaulize kabla ya kununua: mji, kaunti na shule, nani amejitoa?

Mwenye nyumba jijini New York anatumia fomu PTA4 kwa ile asilimia 30. Fundi au mhandisi wake ndiye hushughulikia, na tarehe ya mwisho ni 15 Machi ili nafuu ianze mwaka wa kodi wa jiji unaofungua 1 Julai. Kodi ya mauzo isikusumbue sana. Sehemu ya jimbo ya asilimia 4 imesamehewa kwa sola ya nyumbani, na sehemu ya kaunti inategemea kaunti. Ukiiona kwenye bili, uliza ni ya nani.

Kama unalipa pango, au paa lako halifai

Sola ya pamoja ni shamba la paneli mahali fulani kwenye eneo la kampuni yako ya umeme. Unajiandikisha, unapewa sehemu ya uzalishaji wake, na bili yako inashuka, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10 ya thamani ya yuniti ulizogawiwa. Hakuna fundi, hakuna paa, hakuna mkopo. Ukihama ndani ya eneo la kampuni ileile unaweza kuhama nayo. Uliza mambo mawili tu: ada ya kujitoa ni kiasi gani, na je, nitapata bili moja au mbili? Chagua ya bili moja.

Iangalie kwa makini isichanganywe na wale wauzaji binafsi wa umeme wanaobisha hodi wakitaka namba ya akaunti yako. Hao wanabadilisha anayekuuzia umeme, na bei yao inaweza kupanda baada ya miezi michache. Sola ya pamoja haibadilishi muuzaji wako. Mtu akishindwa kukueleza yeye ni wa kundi gani kati ya haya mawili, usimpe namba ya akaunti.

Na kwa wenye kipato kidogo kuna kitu kizuri zaidi. Mteja wa National Grid aliye kwenye punguzo la bili la kipato cha chini huingizwa moja kwa moja kwenye mpango wa jimbo unaomgawia thamani ya sola ya pamoja bila malipo. Kuingia kwenye punguzo lenyewe, njia ya kawaida ni kupokea msaada wa HEAP wa kupasha nyumba joto. Ofisi za ustawi wa jamii za kaunti hupokea maombi ya HEAP kwa kawaida kuanzia Novemba. Bili ikiwa kwa jina la mwenye nyumba huku wewe ndiye unayeilipa, anza kwa kuihamishia kwenye jina lako, maana punguzo linafuata jina lililo kwenye akaunti.